Kutupa na Kuharibikiwa

Siku mimba ya kwanza ya Zawena ilipoharibika, zizini mbuzi watatu walikuwa wametupa mimba. Hakuna aliyeyahusisha mambo hayo, kwa kuwa mbuzi hutupa, mtu huharibikiwa.

Sasa ana mimba nyingine, na homa ya jioni iliyomshika wakati ule imerudi.

"Nyumbani kuna mnyama aliyetupa?" nesi wa kliniki aliuliza.

"Mkwe wangu si mbuzi!" mama mkwe aliyemsindikiza alimaka.

"Kwa lugha yetu ya hospitali, mama, ugonjwa ninaoushuku una jina moja tu, kwa mbuzi na kwa mtu. Unaleta homa na kuharibu mimba, na unapita kwenye maziwa mabichi."

Zawena alishika tumbo.

"Walitupa watatu," alisema. "Na mimi nikatupa."

Damu imepelekwa kupimwa, majibu bado. Jikoni mama mkwe ameisimamia sufuria, anangoja maziwa yachemke.