Njia Inayorudi Ilikotoka

Mzungu wa nne naye hakurudi.

Cuthbert alifungua daftari la wageni kwa mara ya kumi asubuhi ile. Safu ya kuingia ilikuwa na majina manne ndani ya siku tatu. Safu ya kutoka ilikuwa nyeupe pe.

Alikuwa na wiki mbili tu Newala, na kazi yenyewe aliipata kwa bahati baada ya kupunguzwa kwenye ghala la serikali kule Masasi. Soko huria lilikuwa limeingia, kila wilaya ikaambiwa ijitafutie riziki yake, na hapa wakubwa wakaamua kuchonga njia ya matembezi ya watalii ndani ya msitu wa umma. Kilomita sita. Ilianzia kibandani kwa Cuthbert, ikazunguka ukingo wa mteremko, ikarudi kibandani kwa Cuthbert.

Onyo la bwana misitu lilikuwa fupi: mgeni akipotea, njia inafungwa na wewe unakwenda kujieleza polisi. Na keshokutwa alikuwa anakuja kukagua daftari.

"Chui," Cuthbert alijisemea. Akachukua panga, akaifuata njia.

Njia ilikuwa safi, na hilo lilimtia uchungu zaidi. Mawe ya pembeni yalikuwa mahali pake, magogo ya kuzuia mvua isiimomonyoe yamekaa vizuri, hakuna aliyekata kona wala kukanyaga kichaka. Wageni wenye adabu kabisa. Nyayo za buti zao zilikwenda taratibu mpaka nusu ya safari, njia inapokatiza barabara ya Masasi kando ya shamba la Bibi Paulina. Hapo zikakoma.

Bibi alikuwa akiokota korosho. Barabarani wanawe wawili walikuwa wakipakia magunia kwenye lori la mnunuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Huku mtu hapiti shambani kwa watu bila kuulizwa hivyo. Ila Cuthbert hakutaka habari za wageni kupotea zienee kijijini, akaona heri ajibu kama mtalii.

"Kibandani, mwanzo wa njia."

"Wakwenda wapi?"

"Kibandani, mwanzo wa njia."

Bibi Paulina akaweka kikapu chini.

"Kuna msiba huko?"

"Hapana."

"Umesahau kitu?"

"Hapana, bibi. Natembea tu. Nazunguka, halafu narudi nilikotoka."

"Sasa kwa nini hukukaa huko huko?"

Kwenye semina ya siku tano aliyopewa Cuthbert kabla ya kuanza kazi, swali hilo hakuna aliyeligusa.

Bibi alimtazama kwa huruma. Akamtoa panga mkononi polepole, kama anayemnyang'anya mtoto wembe, akamshika kiwiko, kisha akageukia barabarani.

"Gasper, mwambie dereva asiondoke. Kuna mwingine wa kupeleka hospitali Masasi, na safari hii wala si mzungu."