Baiskeli ya Marehemu Babu

Sheria ilikataza kufuta kumbukumbu za baiskeli ijiendeshayo ya marehemu. Mrithi alipaswa kuipanda na kupelekwa alikozoea kwenda marehemu. Basi Nakijwa akapelekwa puta juu ya mawe ya Upare, bibi yake akimfuata kwa baiskeli yake.

"Kila Jumamosi babu yako alikwenda kutazama boma la Wajerumani," bibi alisema akihema. "Mpenda historia yule!"

Boma likatokea. Baiskeli ikalipita bila hata salamu.

"Bibi, breki zimegoma! Nifanyeje?"

"Iache iende."

Ikakata kona migombani, ikasimama uani kwa watu, ikapiga kengele yenyewe.

"Jumamosi zote hizi, mume wangu!" sauti ya mwanamke ikalalamika kutoka ndani. "Ulipotelea wapi?"

Bibi akashuka, akakaza kanga kiunoni.

"Masikini, hajaambiwa," alinong'ona, kisha akabisha hodi.