Kibao Kisomeke kwa Mbali

Zamfira alichomoa sindano ya kufumia kwenye mkoba wake, akailaza juu ya meza ya duka. Katikati ya sindano alikuwa amefunga uzi mwekundu.

“Kadi ya picha isizidi hapo,” alisema. “Nimepima mwenyewe ndani ya kompyuta. Ikizidi inagonga chuma.”

Horia, mwenye duka, alichukua rula. Sentimita kumi na tisa. Kwa miaka kumi na miwili ya kuuza na kutengeneza kompyuta pale mjini Brăila, wateja walikuwa wamemletea vipimo vya vidole, vya kiganja, hata vya pakiti ya sigara. Sindano ya sweta ilikuwa mpya kwake.

“Mama, hiyo kompyuta ina umri gani?”

“Miaka kumi na minne.”

“Hiyo ni ya kuzikwa. Si nikuuzie nyingine?”

“Mimi nina sabini na moja. Na mimi utanizika?”

Horia alicheka, akakubali yaishe. Alimpangia kadi za picha tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na feni tatu na urefu wa mkate mzima. Uzi mwekundu uliikataa. Ya pili ilienea, ila ilitaka waya wake wa umeme, na kompyuta ile ilikuwa na kisanduku cha umeme cha wati mia tatu tu. Ya tatu ilikuwa fupi, imeshatumika, haina makuu.

“Hii itakufaa. Unaitakia nini hasa?”

“Ule mchezo wa kuendesha malori. Usukani tunao.”

“Wa mjukuu?”

“Mjukuu nimtoe wapi? Ni kwa ajili ya mzee wangu. Ameendesha lori miaka thelathini na moja, kutoka Uturuki mpaka Uholanzi.”

“Basi chagua, mama. Kasi au picha? Hii haiwezi vyote viwili. Ukitaka picha safi, lori litakwamakwama.”

“Picha. Tuna haraka gani sisi? Nataka mbali kuonekane. Kwa kadi ya sasa kila kitu ni ukungu, vibao vya barabarani havisomeki mpaka viwe puani. Hapo ndipo tunapoharibikiwa.”

“Anapotea njia?”

“Nani, Pompiliu? Zile barabara anazo zote kichwani. Lakini kibao kikipita hivi hivi, basi tena. Anatupa mkono, anakwenda kulala, haongei mpaka kesho kutwa.”

“Mtu mzima ananuna kwa sababu ya mchezo?”

Zamfira aliirudisha sindano kwenye mkoba taratibu.

“Miaka thelathini na moja nilikula peke yangu kwa sababu alikuwa barabarani. Sasa yuko nyumbani, mwaka wa pili huu, na bado nakula peke yangu. Tunaongea kwenye lori tu, mwanangu. Kwingine kote inaongea redio.”

Horia aliona haya kwa mzaha wake. Kwake pia ni redio iliyokuwa ikiongea, tangu mkewe alipokwenda Italia kulea wazee wa watu na kunogewa huko. Alimpunguzia bei bila kuombwa, akasema atakwenda kuifunga kadi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Zamfira alimpa ndara za wageni, kisha kijiko cha jamu ya cheri na glasi ya maji, kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni. Alikuwa amefunga aproni safi.

“Tangu Jumatano hajasema neno,” alimnong’oneza.

Mzee Pompiliu alikuwa sebuleni, amenyoa vizuri, amevaa koti lake la kazi, amekaa wima kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Horia alimnyooshea mkono. Mzee hakuupokea, wala hakugeuka. Horia akaurudisha mkono wake mfukoni. Kweli huku ndiko kununa, alijisemea, na akamhurumia mama wa watu.

Kazi ilichukua robo saa. Kadi ya zamani ilitoka na vumbi la miaka yote kumi na minne. Mpya iliingia, ikabakiza nafasi ya upana wa kidole. Horia akafunga kifuniko, akawasha, akaufungua mchezo na kupandisha picha mpaka mwisho wa uwezo wake.

Bonde la mto Olt likajaa kwenye kioo. Misonobari ilikuwa imelowa, lami inang’aa, na mbele kabisa, kwenye kona, kilisimama kibao cha buluu chenye maandishi meupe. Hata Horia, ambaye michezo ilikuwa imemchosha siku nyingi, alifurahi kwa dhati.

“Haya, mzee,” alisema, akiusogeza usukani. “Dereva karibu kazini.”

Zamfira alivaa miwani, akauvuta usukani upande wake, akaketi.

Mzee alinyanyuka. Alivua ndara zake kama madereva wanavyovua viatu kabla ya kupanda, akapapasa hewani, macho yakitazama pasipo kuona, mpaka mkono wake ukagusa kiti cha kulia, ambacho huko ni upande wa abiria, akakishika vizuri na kukaa.

“Kibao kinasemaje?” aliuliza. “Na leo usinitungie.”

“Câineni, kilomita nne,” Zamfira alisoma. “Mto uko upande wako, Pompiliu. Kijani kabisa.”

Mzee aligeuza uso kulia, kwenye kabati la vyombo, akaanza kuongea.