Shukrani za Bi Mwanamina

Kufuli la zahanati ya Nyamkunda lilivunjwa kwa nyundo, ndipo Dokta Rukaiya akasimamishwa mlangoni apigwe picha. Alikuwa daktari wa kweli, tena wa uzazi. Hapo Mheshimiwa Idrisa, Mbunge, asingekubali kusingiziwa. Alichofanya yeye ni kumwazima wilayani kwa siku moja tu.

Angefanyaje? Bungeni aliuliza ni lini Serikali itapeleka mkunga Nyamkunda. Naibu Waziri akajibu kwamba mkunga yupo, na huduma zinatolewa usiku na mchana. Mheshimiwa Idrisa, kwa mazoea ya mdomo, akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, akakaa. Delta nzima ya Rufiji ikamsikia redioni. Mkunga wa mwisho kuonekana kisiwani Nyamkunda aliolewa Ikwiriri kabla ya korona.

Sasa Naibu Waziri amekuja mwenyewe kuyaona majibu yake. Zahanati haikumtia Mbunge wasiwasi, ilikwisha kupakwa chokaa. Kilichomnyima usingizi ni mdomo wa Bi Mwanamina.

Mjukuu wa kwanza wa mama huyu alifia ndani ya boti, katikati ya mkondo, wakimkimbiza mkamwana wake Zawadi hospitali. Bi Mwanamina akaapa kwamba Zawadi hapandi tena chombo akiwa na uchungu. Sasa Zawadi ana mimba nyingine, na mwezi wenyewe ndio huu. Kila mgeni aliyeshuka Nyamkunda aliulizwa mkunga yuko wapi, na aliulizwa kwa sauti.

Mbunge akamwahi kabla ya mkutano.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Dodoma imekukubali, umenenepa."

"Zawadi hajambo?"

"Yumo ndani. Mgongo unamsumbua."

"Mpe pole. Shangazi, nakuomba, leo usiniaibishe. Hakuna maswali. Wewe utatoa shukrani kwa niaba ya akina mama."

"Mwaka jana niliuliza, nikaambiwa suala langu limechukuliwa. Sijui wamelitia wapi." Bi Mwanamina akafikiri kidogo. "Shukrani tu?"

"Shukrani tu."

"Na hamtanikatiza?"

"Nani amkatize mtu anayeishukuru Serikali?"

Nahodha Nasibu, aliyewaleta wageni, alikuwa amesimama karibu. "Mheshimiwa, maji yanakupwa mapema leo," alisema. "Boti ikikaa topeni, ndiyo mpaka kesho. Usiku mkondo ule ni wa viboko, mimi sipiti."

"Tukishaswali adhuhuri tunaondoka," Mbunge akamjibu bila kugeuka.

Bi Mwanamina alishika kipaza sauti kama chake. Akashukuru kwa zahanati, jengo safi ambalo hata mgonjwa mmoja hajalichafua. Akashukuru kwa boti ya wagonjwa, ambayo picha yake wameiona na inapendeza. Akashukuru kwa daraja la Rufiji, alilolivuka akienda kuzika Chumbi, na hapo ikabidi aeleze nani alikufa, alikuwa nani kwa nani, na pilau la hitima lilivyoungua.

Mwanzoni Mbunge alitokwa na jasho. Alipomwona Naibu Waziri anacheka na kupiga makofi, akajiegemeza kitini, roho kwatu.

Nahodha alikuja mara ya kwanza, akaonyesha mkondo kwa kidevu. Mbunge akamkunjia uso. Akaja tena, suruali imekunjwa magotini na tope limemfika hapo hapo, akaambiwa kwa mnong'ono akakae. Kamera zilikuwa zinachukua. Mbunge gani mwenye akili timamu amkatize mpigakura anayemwaga sifa mbele ya Naibu Waziri, uchaguzi ukinukia? Akina mama walipiga vigelegele, na kila kigelegele kilimpa Bi Mwanamina pumzi mpya.

Adhuhuri ikaswaliwa, watu wakarudi, naye, kabla wageni hawajaaga, akaendelea pale alipoachia. Hatimaye shukrani zikaisha. Mbunge akainuka.

"Sasa tumwombee dua mgeni wetu," akasema Bi Mwanamina.

Mbunge akaketi. Hotuba hukatizwa, dua je? Mikono yote ikanyanyuliwa. Bi Mwanamina akawaombea mawaziri walio hai, akahamia kwa waliotangulia mbele ya haki. Akawaombea marehemu wa Nyamkunda mmoja mmoja, akapanda na mto mpaka Mkongo, akafika Mloka, akawaombea hata wakulima ambao tembo wamewalia mahindi. Mabega ya Naibu Waziri yalikuwa yanatetemeka kwa uchovu. Ilipoitikiwa Amin ya mwisho, boti ya msafara ilikuwa imelala ubavu topeni, na kaa wanapita chini yake.

"Shangazi, umetulaza Nyamkunda!" Mbunge aliropoka, kamera amezisahau. "Tulikubaliana shukrani tu!"

"Na ndizo nilizotoa."

Kipaza sauti hakukirudisha. Alimgeukia Naibu Waziri, akasimama wima, akaweka mtandio wake sawa.

"Mheshimiwa, sasa nina swali moja dogo la nyongeza. Kwa kuwa boti haiondoki mpaka kesho, na kwa kuwa dokta wenu hana pengine pa kulala, je, Serikali haioni haja ya kumruhusu aje kwangu sasa hivi? Zawadi ana uchungu tangu alfajiri."