Majibu Yenye Jina Moja

Kinyozi alifungua folda, akakuta faili moja tu.

Mwezi mzima alikuwa akifumbua mafumbo ya kuandika programu, fumbo jipya kila siku. Majibu yake yalitapakaa kila pembe ya kompyuta, na yote aliyapa jina moja: jibu. Leo akaamua kuyapanga, akayahamishia sehemu moja. Kompyuta ilipomuuliza kama faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi. La mwisho likawa limeyameza mengine yote.

Na kesho alikuwa ameahidi kuyaonyesha kwa fundi wa programu anayetafuta mwanafunzi wa kazi.

"Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji," alisema kaka wa mkewe, amejinyoosha kwenye benchi la wateja. "Nimekutumia ya watu wa mtandaoni. Yote yanafanya kazi. Weka jina lako, basi."

Kweli yalikuwepo, yamepangwa siku kwa siku, safi kama kipara.

Kinyozi aliona unywele umenasa kati ya vitufe. Akapuliza, haukutoka. Akauchomoa kwa ncha ya wembe, taratibu.

"Akiniuliza kwa nini nilipita njia hii na si ile, nimjibu nini? Nikupigie wewe simu?"

"Sasa utayarudia yote leo?"

"Maji yamemwagika, kisima kipo."

Akayafuta ya watu. Akafungua fumbo la siku ya kwanza.

Mteja akachungulia mlangoni.

"Leo hatunyoi," alisema kinyozi bila kuinua macho.