Bakuli la Kidevu Kimoja

Uvumi ulimkuta Klaudia kijijini kwake Muleba akimenya ndizi, na tangu siku hiyo haukumtoka. Kwamba huko Bukoba, Hamugembe, kuna kinyozi anayechovya brashi moja kwenye beseni moja, anawapaka povu wanaume wote wanaoingia. Kijana mmoja ametoka hapo na vipele kidevuni.

Vilikuwa vipele alipovileta jirani yake Joanitha. Klaudia alipomsimulia mke wa katekista vikawa vidonda. Jumapili, nje ya kanisa, ikawa kijana amelazwa hospitalini.

Hakuwa na nia mbaya. Mwanawe wa pekee, Anatory, aliishi Hamugembe hiyohiyo, na baada ya Pasaka alitakiwa kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba. Utawapelekeaje wakwe kidevu kilichooza?

Anatory alikuwa na kazi ya ofisini. Ofisi gani, hakuwahi kufafanua, na mama hakutaka kuonekana mshamba kwa kuuliza. Ilimtosha siku ile aliyomwambia, "Mae, ofisi yangu ni ndogo, ila hata diwani akija anainamisha kichwa." Klaudia alilirudia neno hilo kisimani mpaka wanawake wakawa wanamalizia wenyewe.

Akampigia simu. Nyuma ya sauti ya mwanawe kulikuwa na mashine inavuma kama nyuki. Mashine ya kutoa kopi, akajua.

"Usinyolewe kwa watu," akamwambia. "Nitakuagizia bakuli lako mwenyewe la kunyolea, la udongo. Plastiki inashika uchafu."

Anatory akasema ni wazo zuri sana. Ila liwe pana. Na liwe zito, lisiyumbe mezani.

Mfinyanzi alikuwa Kokuberwa wa ng'ambo ya bonde, anayechimba udongo wake mwenyewe kando ya kinamasi. Klaudia alimwonyesha upana kwa mikono miwili. Kokuberwa akaitazama ile mikono.

"Waitu, hicho ni kidevu au ni kibanja cha migomba?"

"Ana ndevu za babu yake."

Alikwenda kusimamia kila alipopata nafasi. Aliona udongo ukipondwa na kutolewa vijiwe, ukazungushwa kamba juu ya kamba, ukasuguliwa kwa kokoto laini mpaka ukang'aa. Kabla halijakauka akaomba liandikwe jina, asije mtu mwingine akalitumia. Lakini si Anatory. Akina Anatory wamejaa mjini. Liandikwe jina la babu alilorithi, Rwegasira, ambalo pale kijijini hakuna aliyezoea kumwita. Kokuberwa akachora kwa ncha ya kijiti, herufi kubwakubwa, akafika kwenye kishikio nafasi ikaisha. Likabaki RWEGA.

"Kwani atasahau kuwa ni lake?" akasema. "Linatosha."

Likachomwa, likatoka jekundu, halina ufa. Omary, anayepeleka mikungu ya ndizi Bukoba, alilibeba mapajani akamkabidhi mwenyewe sokoni. Anatory alipiga simu siku hiyohiyo, sauti imejaa furaha. Alisema ameliweka mbele kabisa, kila anayeingia analiona. Klaudia akajua kuwa mwanawe sasa anatembelewa na watu wa maana.

Basi roho ikatulia kwa huyo wake, ikabaki kwa watoto wa wenzake. Alionya gulioni, alionya jumuiyani, aliwasimamisha hata madereva wanaokwenda Bukoba. Kila mwenye kijana mjini akampigia kijana wake, na vijana wakaambiana. Haikuchukua muda habari zikarudi Muleba kwamba kwa yule kinyozi viti vinashinda vitupu. Klaudia akapiga ishara ya msalaba.

Jambo moja tu lilimsumbua. Anatory alianza kupiga simu kwa sauti ya chini, na ile mashine haisikiki. Kazi imelegea, alisema. Watu hawaji tena, na hajui amewakosea nini. Labda kule kwa wakwe kusogezwe mbele, maana hana uso wa kwenda mikono mitupu. Klaudia alimwambia avumilie. Wenye wivu wapo kila ofisi. Angemwombea.

Na kweli alimwombea. Wiki ile jumuiya ilisali kwake, na nia ya kwanza ilikuwa kazi ya Anatory. Wanawake wakaitikia kwa moyo.

Baada ya sala yalifuata maonyo ya mama Anatory, kama ilivyokwisha kuwa desturi. Safari hii aliyesimama kuyaongoza ni Joanitha, kwa kuwa jana yake alikuwa Bukoba kumwona binti yake na amepita mlangoni kwa yule kinyozi. Mwenyewe hakumkuta, alisema, katoka kutafuta kibarua. Lakini vyombo vyake amevichungulia vizuri. Klaudia, kwenye mkeka, akakaa sawa ili aitikie kuliko wote.

Wembe uliokwisha kutumika: kataa.

Taulo bichi la mtu mwingine: kataa.

Brashi ya watu wote: kataa.

Beseni la plastiki msilitafute tena, kalitupa. Sasa ana bakuli la udongo, jekundu, pana kama la kulishia harusi, limeandikwa RWEGA. Mkiliona hilo: kataa.