Mshipi Unaoelea

Mzee Shekue aliinamia beseni la maji ya chumvi ambamo Mwanahawa, muuza zana za uvuvi, alikuwa ametumbukiza mishipi mitatu.

“Huo wa rangi ya chungwa ndio unaoelea, baba. Hautanasa miambani kama ile yako ya zamani.”

Mzee alikodoa macho, akaona ukungu tu. Mwezi wa tatu sasa alikuwa akimficha hata mkewe jambo hilo.

“Upi?” aliuliza.

“Huu hapa, mbele yako.” Kisha Mwanahawa akamtazama vizuri, akashusha sauti. “Baba, huoni?”

“Usimwambie mke wangu, mwanangu. Atanizuia kwenda baharini.”

“Na kurudi, utarudije?”

Mzee alitia mkono majini, akapapasa taratibu juu juu, mpaka mshipi ukamgusa kidole, akaushika asitake kuuachia.